Nainyanyua Escudo, Abdulkadiri Asijue

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeamua. Escudo, gari langu, inanyanyuliwa. Hakuna atakayejua.

Sababu ni hii. Badria, mdogo wake mke wangu, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Bwana harusi ni wa Kigamboni, ndani kabisa, lami inakoishia na matope yanakoanzia. Tena masika haya! Na Bibi Mwanne, bibi yao, ameshasema bi harusi atavushwa kwa pantoni ya Magogoni, kama alivyovushwa yeye enzi zake. Habari ya daraja hataki kuisikia. Limebaki swali moja: nani atambeba bi harusi? Mimi au Abdulkadiri?

Abdulkadiri ni mwanyumba wangu. Yeye kamuoa dada mtu, mimi nimemuoa Maimuna. Anauza simu Mtaa wa Aggrey, mimi nauza mapazia Narung'ombe. Ana gari jeupe linang'aa kama sahani mpya. Lakini liko chini! Maji yakikupwa, mlango wa pantoni unakuwa mteremko mkali, na magari ya chini yanakwaruza tumbo. Kwenye matope ndiyo usiseme. Mimi nikifunga springi ndefu, shokapu ndefu na matairi makubwa, Badria ni wangu. Yaani, kumbeba.

Jioni Abdulkadiri kanipigia simu. Eti ananisalimia tu. Mtu mzima, mfanyabiashara wa Kariakoo, apige simu kusalimia tu? Akauliza gari linaendeleaje. Nikamuuliza gari gani. Akacheka.

Sijakipenda kicheko kile.

Jumatano, 16 Aprili

Gerezani, kwa fundi Rogath. Nimevaa kofia na miwani ya jua. Mvua inanyesha. Nimepita vichochoroni nisionekane. Rogath kaniona tangu mbali, kaita kwa sauti: karibu mzee wa mapazia!

Nikamvuta pembeni, nikamweleza. Akasema gari halinyanyuliwi kwa springi peke yake. Hozi za breki nazo lazima ziwe ndefu, zisije zikakatika. Propela iangaliwe, isije ikapiga kelele. Na likizidi kimo litayumba kwenye kona. Yeye anashauri tupandishe vidole vitatu.

Vidole vitatu! Nani kamtuma? Nikamwambia nataka shubiri nzima. Akasema shubiri ni nyingi. Nikasema shubiri. Akashusha pumzi, akasema sawa mzee, gari ni lako.

Nageuka hivi, namwona nani? Abdulkadiri. Kakaa kwenye benchi la muuza kahawa ng'ambo ya barabara, ana kikombe mkononi, anatafuna kashata. Kaninyooshea mkono. Eti anasubiri abadilishiwe brekipedi.

Brekipedi! Mpelelezi yeyote angesema hivyo hivyo.

Ijumaa, 18 Aprili

Usiku nimepata akili. Wakipeleleza, tuwape cha kupeleleza.

Asubuhi, chai mkononi, nimemnong'oneza Maimuna kwamba Escudo iko kwa fundi inashushwa. Chini kabisa, kama za vijana. Maimuna kaniangalia. Akauliza, kwa umri huo, Baba Sitara? Nikamwambia ni siri kubwa, asimwambie mtu. Hasa dada yake. Hasa mume wa dada yake.

Kufika alasiri jirani yangu wa dukani ananisalimia "mzee wa kushusha." Alhamdulillah! Mtego umenasa.

Nikapita kwa Rogath kuangalia kazi. Kafunga. Muuza kahawa akasema leo Ijumaa Kuu, Rogath yuko kanisani. Inawezekana. Nikachungulia kwenye upenyo wa geti. Escudo yangu iko juu ya mawe, haina magurudumu, peke yake. Nimepata uchungu kama mtu aliyemwacha mtoto bweni.

Jumanne, 22 Aprili

Limekamilika! Uzuri ulioje! Limesimama kama twiga. Kuingia ndani lazima ushike mpini wa juu, uweke goti kwenye kizingiti, ujivute, upumzike, ndipo ufunge mlango. Kwenye kona linainama kama mtu anayesikiliza umbeya. Rogath akasema, nilikuambia mzee. Mafundi huwa hawapendi kuona mtu anafurahi.

Sasa nilifiche wapi? Nikakumbuka mteja wangu wa Upanga, ana uwanja nyuma ya ghorofa. Nikalipeleka kule, nikalifunika kwa mapazia ya rangi ya damu ya mzee, yale ya maua. Sijamaliza kufunga kamba, mama mmoja kashuka kutoka ghorofani kuuliza kama na pazia la sebuleni ninalo la rangi ile ile.

Nimemuuzia. Lakini kwa nini ameuliza leo?

Alhamisi, 24 Aprili

Kikao cha familia nyumbani kwa Bibi Mwanne, Mtaa wa Sikukuu.

Nimeshinda. Nimekwisha.

Bibi alikaa kwenye kochi, magoti kayafunika kanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mume wangu, maana ndivyo anavyonitania tangu nimuoe mjukuu wake. Likaja suala la bi harusi. Nikajiandaa kwa mapambano. Wa kwanza kunyoosha mkono ni Abdulkadiri. Akasema Badria apande na Idrisa. Idrisa ni mimi! Akasema gari lake mwenyewe halitaweza barabara ile, langu litaweza.

Mshindani wako akupigie debe?

Na Bibi akasema vizuri, na yeye atapanda humo humo na bi harusi, kwa sababu amesikia kwa Maimuna kwamba gari limeshushwa. Akanishika mkono. "Mume wangu, umeyafikiria magoti yangu. Ngazi siziwezi tena. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kwenda." Machozi yalimlenga. Ukumbi mzima ukanisifu.

Ningesema nini? Nikasema, "Nilikufikiria wewe tu, Bibi."

Nikatoka mbio hadi Gerezani. Nikamwomba Rogath arudishe springi za zamani. Akasema hana tena, kamuuzia mtu wa Jangwani. Jangwani, kunakofurika kila mvua ikinyesha! Mtu wa Jangwani atake springi fupi? Huo ni uongo wa wazi. Abdulkadiri anazo mahali.

Jumamosi, 26 Aprili

Harusi.

Nikalivua pazia, nikalileta mlangoni kwa Bibi. Kelele zikakatika. Badria katokea na gauni lake, kaliangalia gari kuanzia matairi mpaka paa, kaliangalia gauni, akaanza kulia. Maimuna akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

Bi harusi akahamishiwa kwa Abdulkadiri. Yaani kazi yangu yote!

Bibi Mwanne alibaki amesimama, kashika fimbo, buibui safi, ushungi mpya. Nikamwambia aende na wao. Akakataa. Akawaita wachukuzi wawili waliokuwa wanapita na mkokoteni mtupu. Wakausogeza ubavuni mwa gari, wakampandisha Bibi juu yake kama gunia la karafuu, wakampitisha mlangoni. Akakaa. Akashusha kioo.

"Kumbe Kariakoo ndiyo hii," akasema. "Miaka yote naona viuno vya watu."

Njia nzima akawapungia watu mkono.

Magogoni maji yalikuwa yamekupwa. Gari jeupe likaingia pantoni: kriiii! Nilisikitika. Escudo ikapita bila kugusa kitu. Lilikuwa jambo tamu kuliko yote mwaka huu, na hakuna aliyeliona, maana hata Bibi alikuwa anawatazama kunguru.

Lami ikaisha. Matope. Abdulkadiri mbele, mimi nyuma. Kwenye bonde la kwanza gari lake likazama mpaka milangoni. Akashuka, viatu vikamezwa, akanipungia mikono yote miwili. Ndani namwona Badria kashika uso.

"Simama, Baba Sitara," akasema Maimuna kutoka nyuma. "Kamba ipo."

Nikafikiri haraka. Mtu anakataa kumbeba bi harusi Alhamisi, anambeba Jumamosi, halafu anakwama mahali ambapo lazima nisimame. Nikisimama nazama na mimi, halafu mjini itasemwa Escudo nayo ilikwama.

"Ndicho anachokitaka," nikasema.

"Anataka kuvutwa!" akasema Maimuna. "Mdogo wangu yumo mle!"

Nikakanyaga mafuta. Tukapita vizuri mno. Matope yalimrukia Abdulkadiri kifuani. Hilo sikulikusudia, au nilikusudia kidogo.

Tukafika wa kwanza. Vigelegele! Ngoma! Wakwe wakalizunguka gari, wakaona juu kabisa mwanamke kajifunika ushungi, katulia. Bwana harusi akafungua mlango kwa heshima, akanyoosha mkono, akainua macho.

"Umechelewa kidogo, mwanangu," akasema Bibi Mwanne, "lakini nakukubali."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu mmoja akauliza bi harusi yuko wapi, na kicheko kikafa.

Badria alifika kwa miguu. Viatu mkononi, gauni limelowa matope mpaka magotini. Abdulkadiri kamshikia mwavuli, yeye mwenyewe kalowa chapachapa. Shangazi wa bwana harusi wakamkimbilia kwa kanga. Alipita mbele yangu kama vile mimi ni ukuta.

Wakati wanamshusha Bibi, wanawake wanne, aliniita nisogee. Hakunitania safari hii, hakuniita mume.

"Idrisa, gari la kumtoa yule mtoto lilikuwa moja tu. Ulikuwa nalo wewe."

Nikaenda kukagua hozi za breki.

Pilau nilikula peke yangu, upande wa majiko.

Jumapili, 27 Aprili

Maimuna kaongea leo. Afadhali angeendelea kununa.

Eti Abdulkadiri alijua tangu siku ile ya kahawa. Aliwaona mafundi wanaingiza springi ndefu. Hakumwambia mtu. Hata mkewe alipomletea habari kwamba nashusha, alisema, mwacheni, mwenzetu anafurahia siri yake. Na alinipendekeza kikaoni kwa sababu hilo ndilo gari lililofaa. Magoti ya Bibi nayo aliyafikiria. Aliagiza kidaraja cha chuma cha kupandia gari kwa mchomeleaji. Hakikuwahi kuisha.

Maimuna akasema nimpigie niombe radhi, kisha nimpigie Badria. Nilijisikia vibaya, kweli. Badria nilimjua akiwa na meno ya utoto. Nikampigia. Mumewe akapokea, akasema Badria amelala. Saa tano asubuhi.

Kwa Abdulkadiri nikatuma ujumbe: samahani kwa matope. Akajibu hapo hapo: usijali mwanyumba, tuko pamoja.

Hapo hapo! Kana kwamba alikuwa anausubiri.

Jumatatu, 28 Aprili

Abdulkadiri kaja dukani mwenyewe. Kabeba kidaraja: ngazi mbili za chuma, zinakunjika, zina mpira wasiteleze watu, zimepakwa rangi ile ile ya Escudo. Akasema mchomeleaji kamaliza leo, anaomba radhi kwa kuchelewa. Akasema Bibi Mwanne ameshaulizia, Ijumaa anataka nimpeleke Kigamboni tena, tena kwa gari lile lile. Tukapeana mkono. Alikataa hata soda. Nikamshukuru, akaondoka anacheka.

Nikafunga duka mapema.

Nimekifungua kidaraja chote. Nati moja moja. Nimevua ile mipira, nimechungulia ndani ya bomba kwa tochi, nimekwangua rangi kwenye maungio. Natafuta kifaa cha kufuatilia gari linakokwenda. Sijakuta kitu.

Mtu asiye na nia mbaya hawezi kuficha kitu vizuri namna hii.