Patholojia Inalipa

Jumatatu, 9 Juni

Baba amenipa mpaka Jumapili. Nimshawishi kwamba shahada ya patholojia itarudisha ada yake, la sivyo naenda kusomea kozi fupi ya maabara anayoipigia debe shangazi. Baba ni seremala. Hakati ubao kabla hajaona mchoro. Basi nimemchorea! Kushoto, ada ya miaka mitano. Kulia, mshahara wa daktari wa patholojia, yule anayetafuta kinachomuumiza mtu au kilichomuua, mpaka siku ya kustaafu. Faida haikutosha kwenye karatasi. Nimeunganisha ya pili kwa gundi ya baba. Kaka, fundi simu, aliuliza maiti hulipaje. Nikamjibu kwamba angalau maiti hawasemi "nitakuletea kesho". Akarudi kwenye simu zake. Ushindi!

Jumanne, 10 Juni

Nimepeleka mchoro hospitali ili bingwa mwenyewe authibitishe. Mama mmoja mpole, anakunywa chai amesimama. Aliusoma, akacheka, akaona sicheki, akaacha. Alisema hesabu ni safi, ila nimeanza kujilipa mshahara tangu siku ya kwanza ya masomo. Tena miaka mitano ni ya udaktari tu. Kisha kuna mwaka wa mafunzo kazini, kisha ubingwa, miaka mingine minne. Kumi! Niliuliza kama kuna njia ya mkato. Alisema ipo, inaitwa kozi fupi ya maabara.

Shangazi ana watu kila mahali.

Alhamisi, 12 Juni

Sijakata tamaa. Kama gharama haishuki, mapato yapande. Baba aone kwa macho yake kwamba kazi hii ina soko. Na bahati imenidondokea mlangoni: kuku wa jirani amekufa! Jirani anadai ni sumu, anatutazama mtaa mzima kwa jicho la polisi. Nimejitolea kumpasua kuku na kutaja kilichomuua, kwa ujira mdogo. Amekubali. Alisema akimjua mwenye kosa, atalipwa kuku pamoja na mayai ambayo hayajatagwa. Baba ameahidi kuja kutazama. Glavu: za mama za kuoshea vyombo. Hajui.

Ijumaa, 13 Juni

Upasuaji, uani, baada ya shule. Watazamaji wengi kuliko nilivyotarajia. Kaka aliomba ashike beseni. Kisu kilipogusa tu, akakumbuka ana simu ya mteja. Mimi nikaendelea peke yangu. Nikapasua firigisi, na kumbe! Vifungo vya bluu, na sindano iliyotoboa hadi upande wa pili. Nikatangaza kwa sauti ya darasani: si sumu, ni sindano ya cherehani.

Nilisubiri makofi. Watu wakatazama sare yangu.

Mtaa wetu una fundi cherehani mmoja tu, naye ni mama. Sare niliyovaa ilikuwa na vifungo vile vile. Jirani alinibusu shavuni, akasema mwanangu, wewe ni daktari kamili, kisha akamgeukia baba na kunyoosha kiganja. Baba alilipa kuku na mayai. Shangazi alisema chuo bado hakijafunguliwa, ada tumeshaanza kulipa. Mama hasemi nami. Maagizo yake yanapitia kwa kaka.

Jumapili, 15 Juni

Siku ya hukumu. Nilimkuta baba karakanani akipiga randa. Nilikuja na hesabu mpya. Alisema niikunje niiweke chini ya mguu wa meza, inayumba. Kisha akasema aliniona nilivyovishika vile vifungo. Ningeweza kuvifumbata, na nani angejua? Kwa nini sikuvificha? Nikamwambia ukweli: wazo hilo halikunijia kabisa. Alicheka mpaka akaketi juu ya mbao. Alisema mtu wa namna hiyo akifanya biashara atafilisika, bora awe daktari. Atalipia udaktari mwaka wa kwanza, mingine tutaitafuta mmoja mmoja. Hata mama amekubali, ingawa hatanisemesha mpaka kesho. Sharti moja: nisiguse tena mnyama wa mtu. Nikaapa.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kubwa kuliko yote: tatizo halikuwa uchunguzi, lilikuwa mteja. Kuku ni mdogo mno. Jioni hii nimemsikia mbuzi wa mwenye nyumba wetu akikohoa, tena vibaya. Nimeshampelekea mwenye nyumba bei yangu, na glavu nimezichemsha. Mbuzi bado yu hai, lakini mimi ni mtu wa subira.