Mwalimu Callum Amekuwa Mkwe Wangu, Naomba Ahamishwe

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Shule za Jangwani,

Amani ya Bwana iwe mezani pako. Mimi ni Noreen, mwalimu msaidizi wa darasa la wakubwa hapa Kisima Chekundu. Mwalimu husema Kiingereza, mimi nawaeleza watoto kwa lugha yetu. Kazi hii niliipata kwa maombi, na sasa inanitoka mikononi.

1. Siku Mwalimu Callum alipofika, gari la jirani yangu Myrtle lilikuwa limezama mchangani. Akalivuta. Myrtle kwa furaha akamfanya mwanawe palepale, bila kikao, bila kuuliza mtu. Na kwa mila yetu wana wa Myrtle ndio waoaji wa binti zangu. Basi kijana ni mkwe wangu, hata kama hajaoa. Mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja, na sheria hiyo, Mheshimiwa, haifutwi kwa waraka. Nilipomlalamikia Myrtle alinicheka: "Ungekuwa na gari, shoga, ungemwahi wewe."

2. Sasa nafundishia barazani, nimelipa darasa kisogo. Kwa kuwa simsemeshi mkwe, namsemesha mbwa wa shule: "Biskuti, mwambie mwenye chaki apunguze mwendo, kugawanya hakujawaingia." Naye anamjibu Biskuti. Watoto wameanza kumpelekea Biskuti madaftari asahihishe. Mengine ameyala.

3. Kijana ana adabu kupita kiasi. Akiniona dukani anajibanza nyuma ya friza. Juzi alinikimbia mpaka akaingia uwanjani, mechi ikiendelea. Wakampa jezi.

4. Kanisani mimi naanzisha nyimbo, yeye anapiga gitaa. Siku hizi analipigia nje, chini ya dirisha. Upepo ukivuma sisi tuko ubeti wa tatu, yeye yuko wimbo mwingine. Hili nimelilia mbele za Mungu.

Nilikusudia kuomba ukuta katikati ya darasa. Nikafikiri, kanisa nalo litataka ukuta, na duka, na barabara, tumalize saruji ya nchi nzima. Nafuu ahamishwe yeye, aende pwani, maana watoto bila mimi darasani hawaambulii kitu.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule mama wa simu mwenye jino bovu. Namwombea.

Dada yako katika imani,
Noreen

N.B. Kabla sijaifunga bahasha nimekuta mkia wa kangaruu umening'inizwa kwenye uzio wangu, umebabuliwa manyoya vizuri, mnono. Mkwe anajua wajibu wake, kwamba nyama nono ni ya mama mkwe. Wale waliooa binti zangu wa kuzaa hawajaniletea hata kwato. Kwa hiyo atakayemgusa Mwalimu Callum atanikuta mlangoni. Nihamisheni mimi darasa la wadogo, na darasa la wakubwa mpeni Myrtle. Yeye ni mama yake, anaruhusiwa kumsemesha mchana kutwa. Atafundisha kugawanya mpaka akome.