Sauti ya Marehemu Iko Kooni Mwangu

Jumatatu, 3 Machi
Mafindofindo yamevimba tena. Makubwa! Kumeza mate tu ni vita. Mke wangu amenimulika kooni kwa tochi, akasema tangu mwaka jana amechoka kuniuguza, twende kwa daktari yakatolewe. Nikamwambia labda nife kwanza. Hajui tu. Huu mkwaruzo mzito wa sauti yangu unakaa palepale kwenye mafindofindo, na ni sauti ya marehemu baba.

Baba alikuwa mnadi wa samani kuukuu, kama mimi. Nilikuwa nakaa chini ya meza inayouzwa, nanusa vanishi, naona miguu ya wateja ikisogea kila alipotaja kabati. Alifariki nikiwa darasa la tatu. Picha yake ipo moja, uso umefifia. Kilichobaki ni nyundo ya mnada na hii sauti, basi. Halafu mtu aje aing'oe kwa koleo? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Mnadani na skafu shingoni. Nikanadi seti ya makochi, sauti ikakata katikati. Mnadi mwenzangu, yule tunayemwita Tarumbeta, akadakia na kumalizia bila kuombwa. Watu wakapiga makofi! Kisha akanipa pole, akasema sasa nipumzike, mzee. Mzee! Tumepishana miaka sita tu. Nyumbani nimesukutua maji ya chumvi mpaka nikapaliwa.

Jumatano, 5 Machi
Mke ametoa silaha nzito. Amemwambia mama, ambaye anaishi nasi, kwamba nikilala nakoroma, halafu pumzi inakatika kimya, na yeye hukaa macho ili anipige kiwiko nipumue. Mama akashika kifua. Mke akalia, akasema hataki kuwa mjane kwa ajili ya vinyama viwili. Iliniuma kweli.

Lakini nimepata mpango. Kwa daktari atakwenda shemeji, kaka yake mke. Koo lake la chuma, sijawahi kumsikia hata akikohoa. Atajiandikisha kwa jina langu, atapanua mdomo, daktari atasema safi, mchezo kwisha. Amekubali kwa sharti nimpe viatu vyangu vyeusi. Nimempa. Akili ni nywele, na mimi zangu ni nyingi!

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji amerudi anachekelea, kanipa maneno yote ya daktari. Nikangoja chakula cha jioni. Kifua mbele, nikatangaza kwamba nimepimwa, koo ni safi, na daktari amesema sina mafindofindo hata moja, yalishatolewa zamani utotoni.

Nilipokuja kusikia ninachosema, nimeshachelewa.

Mke akaweka kijiko chini. Akasema anamjua mtu mmoja tu aliyetolewa mafindofindo utotoni, ni kaka yake, na yeye ndiye aliyemlisha aisikirimu. Shemeji akaaga hapohapo, na viatu vyangu miguuni. Mama alicheka hadi akaomba maji.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeburutwa. Daktari ni mama mpole, si yule aliyempima shemeji. Akauliza naugua mara ngapi. Nikasema mara moja moja. Mke akakohoa. Nikaongeza. Akakohoa tena. Nikasema yote.

Daktari akaeleza kwamba koo kuuma siku mojamoja si sababu ya kukata. Ila likirudi kila mara na homa, mwaka wa pili sasa, na juu yake pumzi inakatika usingizini, hapo ndipo watu huzungumzia kuyatoa. Nikamweleza kuhusu baba. Hakucheka. Alisema sauti inatoka chini zaidi, na mafindofindo makubwa hivi huiziba tu. Sikumwamini hata chembe.

Nikamtazama mke wangu. Macho mekundu kwa kukesha. Nikakubali.

Jumatano, 19 Machi
Yametolewa jana. Koo linawaka moto. Siruhusiwi kuongea, naandika tu. Kabla ya kulazwa usingizi nilimuaga baba moyoni, nikalia kidogo, nikasingizia taa. Mama yangu mimi! Nilivyomkumbuka baba jana.

Tarumbeta amekuja kunijulia hali. Ameleta nyundo ya baba, aliyoiazima kwangu nilipolazwa, ameisugua mpini mpaka unang'aa. Sikupenda. Imependeza, lakini.

Jumamosi, 29 Machi
Leo nimejaribu. Niko sebuleni, nikaita kwamba naomba chai. Ikatoka sauti pana, nyepesi, ya mtu nisiyemjua.

Kutoka jikoni mama akaitika abee, akasema inakuja, mume wangu.

Mama haniitikii abee mimi! Mimi huniambia niinuke nikajimiminie. Akatokea mlangoni na kikombe, akanitazama, akakaa kitini polepole. Akalia. Akacheka. Akaniomba niite tena. Nimeita mpaka koo limegoma. Anasema baba hakuwa na mkwaruzo hata siku moja, ule ulikuwa wangu mwenyewe tangu udogoni, na sauti yake ndiyo hii. Kumbe miaka yote nilikuwa nimemzibia mzee njia!

Nimewaza mchana kutwa. Mama amesema pia baba alikuwa na mwendo wa madaha, akipita watu wanageuka. Mimi natembea kama bata. Lazima kuna kinyama gotini kinachomzuia. Jumatatu naenda kwa daktari akitoe. Mke asijue.