Pesa ya Bati Kwenye Karai la Vyombo

Leo uso wangu umebaki kwenye karai la mama lishe. Nawasimulia mwenyewe kabla yule wa bodaboda aliyekuwa akila pale hajawasimulia, maana ataongeza chumvi.

Asubuhi nimetoka Buswelu kwenda mjini kununua mabati. Jiko la mke wangu linavuja na mvua ndiyo hizo zinakuja. Sasa, mimi pesa zangu hazichanganyiki. Ya bati nimeiweka ndani ya kofia. Ya kula, mfuko wa shati. Nauli, soksi. (Marehemu baba naye alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alificha kwenye pembe la ng'ombe. Hayo tuyaache.)

Kufika sokoni, machinga akanivalisha miwani ya kusomea. "Shikamoo mzee wangu! Aisee, umekuwa kama mkurugenzi!"

Marahaba. Nikajitazama kwenye kioo chake. Kweli bwana, mkurugenzi! Nikalipa. (Darasa la pili sikulimaliza. Nasoma nini?)

Mkurugenzi akasikia njaa. Nikaingia kwa mama lishe, Mama Neema, nikala ugali na sato, nikanyonya mpaka miiba. Napeleka mkono mfukoni: patupu! Ya kula nimeshaivaa machoni.

"Mama, ya kula imeniishia. Nitaosha vyombo."

"Babu, na umri huo?"

"Naosha."

Ya bati si iko kichwani? Iko! Lakini kuigusa, mkono ulikataa kabisa. Ile ni ya bati!

Nikainamia karai. Kofia ikachomoka, chubwi! Noti zikatawanyika juu ya povu, zinaelea kama dagaa. Wateja wakaacha kutafuna.

"Babu! Unaosha masufuria na hela zote hizi?"

"Hizo si za chakula. Za bati."

"Za bati zina rangi gani?"

Lo! Kibanda kizima kikaangua kicheko. Yule wa bodaboda akapaliwa na mchuzi. Nikatamani karai linimeze.

Mama Neema akaziokota, akazianika juu ya mfuniko wa sufuria ya moto. Akafunua kitambaa chini ya meza: makopo ya hela. La kodi, la ada, la mkaa.

"Leo nimekopa mkaa," akasema taratibu, "na kopo la ada limejaa."

Tukatazamana. Tukacheka wawili, mpaka machozi.

"Lete hiyo miwani, tumemalizana." Akaivaa, akainamia ungo wa mchele. "Mungu wangu! Kumbe wateja walisema kweli, una mawe!"

Mabati nimeyapata yote. Mwenye duka alizinusa noti, hakuuliza. Sasa hivi fundi yuko juu anagonga misumari, mke wangu yuko chini anaelekeza, na wingu limetanda upande wa ziwa. Linyeshe tu.

Ila mke wangu ameshika noti zilizobaki, ananiuliza mbona zinanuka sato. Atakayecheka, jamani, achekee mbali na jiko langu.