Soda Moja, Kabureta Moja

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, ukungu ulikuwa bado haujauachia mji wa Tukuyu, na tangazo lilikuwa limeshabandikwa kwenye nguzo ya umeme mbele ya benchi la Tusekile. Lilikuwa la wakala wa pikipiki wa Mbeya. Tusekile, anayeuza chai ya tangawizi na ndizi za kuchoma hapo siku zote isipokuwa Jumapili, alilisoma mara mbili kabla ya kuwasha jiko. Alijua litazua kelele, na kelele zikianza alitaka yeye awe na uhakika wa maneno.

Lilisema kwamba pikipiki yoyote mpya itakayofunguliwa injini na fundi wa mtaani itapoteza waranti siku hiyo hiyo.

"Siku hiyo hiyo!" Nsajigwa alipiga benchi, chai ikaruka. "Hata msiba unapewa siku tatu!"

Huyu wanamwita Spana Kumi. Anaamini kwamba hakuna kitu duniani, kuanzia cherehani mpaka ndege, kisichofunguka kwa spana namba kumi, na yake hutembea nayo mfukoni hata akienda kanisani.

"Wanaogopa ujanja wetu," aliendelea. "Pikipiki ni yangu, jasho ni langu, halafu kuifungua niombe ruhusa Mbeya? Kesho watasema nisifungue zipu."

"Ungefunguliwa wewe kichwa kwanza," alijibu Mzee Obed bila kuinua macho. Alikuwa karani wa kiwanda cha chai miaka thelathini na moja, na jina lake la benchini ni Kipengele. "Mtu aliyeunda chombo ndiye anayekijua. Wewe pikipiki yako iko wapi?"

Nsajigwa alikohoa.

"Nakuuliza wewe fundi. Iko wapi?"

"Iko sevisi."

"Iko sevisi chini ya turubai nyuma ya nyumba yako, tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Kuku ametaga kwenye tangi."

"Kuku alitaga kwenye *kiti*," alisema Nsajigwa. "Tuheshimu ukweli."

Leo Mzee Obed alikuwa amevaa koti la harusi za watu na tai ya bluu. Mbele yake, juu ya benchi, palikuwa na bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha hiyo kulikuwa na barua ya posa. Saa nne kamili alitakiwa awe ameketi Isongole kwa mzee Anyelwisye, kumposea Lugano, kijana wa bodaboda, binti yake aitwaye Tulia. Hii ilikuwa mara ya tatu kupangwa. Mara ya kwanza mvua ilikata daraja. Mara ya pili yeye mwenyewe, mshenga, aliugua jino. Mzee Anyelwisye, ambaye hulima viazi kwa kamba ili mistari isipinde, alituma ujumbe mfupi kwamba ya nne haipo.

Saa mbili na dakika ishirini na tano Lugano alitokea upande wa soko, suti nyeusi, viatu vinang'aa, anasukuma pikipiki kwa mikono.

"Oya, Nailoni!" Nsajigwa alimpokea. "Mbona unaitembeza kama ng'ombe wa mahari?"

Jina hilo alipewa kwa sababu miezi minne tangu anunue pikipiki hajatoa nailoni ya kiti. Abiria wake wote hushuka wakiwa wametelezea mbele mpaka kwenye shingo yake.

"Imegoma," alisema Lugano. Jasho lilimtoka na baridi ile. "Nikiwasha inawaka. Nikiingiza gia inazima. Nawasha inawaka, naingiza gia inazima."

Akawaonyesha. Injini ikanguruma safi. Akakanyaga gia. Kimya.

"Kama diwani," alisema Mzee Obed. "Kabla ya kura ananguruma. Mwambie sasa twende kazini."

"Si mkapande gari?" Tusekile aliuliza. "Ya Mbeya inapita sasa hivi, Isongole mnashuka barabarani."

"Dada, haiwezekani. Mzee kaambiwa na majirani kwamba pikipiki nimeazima. Kasema anataka kuiona kwa macho, na kadi yake, na karatasi ya waranti yenye jina langu. Nikifika na gari, maneno yao ndiyo yameshinda."

Akatoa bahasha nyingine ya kaki na kuiweka juu ya benchi. Tusekile aliona zile bahasha mbili zimelala bega kwa bega, akafikiri kusema neno, lakini chai ilikuwa inafurika.

Nsajigwa alikuwa ameshatoa spana.

"Usiguse!" Mzee Obed alisimama. "Tangazo hili hapa! Kipengele cha kwanza!"

"Huu ni ugonjwa wa kabureta. Uchafu umeziba. Dakika kumi nimesafisha, nimefunga, mmeenda kuoa."

"Mtoto huyu ana waranti ya miezi ishirini na minne!"

"Na ana saa moja na nusu ya kuoa! Wewe chagua, Nailoni. Waranti au Tulia?"

Lugano alitazama pikipiki, akatazama barabara ya Isongole iliyopotelea kwenye ukungu, akamtazama Tusekile.

"Mimi nauza chai," alisema Tusekile.

"Fungua," alisema Lugano, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Nsajigwa alitoa kava la ubavuni, akainama, akamulika kwa tochi ya simu. Akahamia upande wa pili, akamulika. Akachuchumaa, akaangalia kutokea chini kama anayechungulia uvungu wa kitanda. Aliposimama, uso wake ulikuwa wa msiba.

"Mwanangu," alisema taratibu, "kaa chini."

"Kuna nini?"

"Kaa kwanza."

Lugano akakaa.

"Kabureta haipo."

"Haipo vipi?"

"Wamekuibia. Wameichomoa yote, pengo wameliziba kwa bomba na waya. Njoo uone mwenyewe, waya kama sebule ya mwenye redio. Sasa nijibu kama uko mahakamani. Sevisi ya kwanza ulifanyia wapi?"

"Kwa wakala, Mbeya."

"Ulisimama ukiangalia?"

"Hapana. Walinikalisha kwenye kochi."

"Kochi! Wakakupa nini?"

"Soda."

"Soda!" Nsajigwa alishika kichwa, akageukia barabara ili na wapita njia wasikie. "Soda moja, kabureta moja! Wewe unakata kiu, wao wanakata bolti! Ya rangi gani?"

"Ya machungwa."

"Hiyo ndiyo ya kulazia!"

Mzee Obed, ambaye miaka thelathini na moja alihesabu magunia bila kupoteza hata moja, alifungua kitabu cha pikipiki alichokabidhiwa na Lugano na kupitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Alifika mwisho, akaanza upya. Kisha akavua miwani.

"Neno kabureta," alisema, "halimo humu."

"Mnaona?" Nsajigwa alipiga kelele. "Mpaka kitabuni wameiba!"

Watu sita walikuwa wameshasimama. Mama mmoja mwenye kikapu cha parachichi alisema shemeji yake wa Lupepo naye aliwahi kunyweshwa soda, na tangu siku hiyo pikipiki yake inakohoa. Mwingine alitaka waende polisi. Tusekile aliangalia saa. Tatu kasoro dakika tano. Akachukua simu, akapiga namba iliyoandikwa chini ya tangazo, akaiweka sauti kubwa juu ya sufuria lililofunikwa.

"Huduma kwa wateja, naitwa Asifiwe, mimi ni fundi. Nikusaidie nini?"

"Rudisheni kabureta!" alisema Nsajigwa.

"Samahani?"

"Ya Lugano! Mliichomoa akiwa kwenye kochi!"

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Rudisheni kabureta."

"Ni toleo gani, baba?"

Lugano akataja. Ikasikika sauti ya mtu anayejitahidi asicheke na kushindwa.

"Baba, hiyo haina kabureta. Ina injekta. Mafuta yanapulizwa, na kompyuta ndiyo inayopima."

"Tangu lini?"

"Tangu izaliwe."

Nsajigwa alitazama spana yake. Mzee Obed alivaa miwani upya, taratibu, akitabasamu kama aliyepandishwa cheo.

"Kwa hiyo huyu bwana ameua waranti," alisema kwenye simu. "Amefungua kava kwa spana ya mtaani. Andika jina lake: Nsajigwa, maarufu kama..."

"Kava si kitu, baba. Kitabu chenyewe kinaruhusu, ukurasa wa kumi na tisa. Mwenye pikipiki anatakiwa alifungue asafishe."

"Yaani sijavunja chochote?" Nsajigwa aliuliza, na Tusekile alisikia huzuni katika swali hilo.

"Hapana. Haya, inafanyaje?"

"Ukiingiza gia inazima," alisema Lugano.

"Stendi ya pembeni umepandisha?"

"Nimepandisha."

"Jana ulipita wapi?"

"Lupepo. Tope lilifika magotini."

"Pale stendi inapojishikia kuna swichi nyeusi yenye waya. Tope limeganda hapo. Pikipiki inadhani bado imeegeshwa, inakataa kuondoka ikulinde. Mwagia maji ya vuguvugu, sugua na mswaki."

Tusekile alitoa brashi ya kuoshea chupa za chai na birika la maji. Hakuna aliyemsubiri mwingine. Lugano alipiga goti na suti yake, Nsajigwa akalala ubavu barabarani, Mzee Obed akashika tochi na kusoma ukurasa wa kumi na tisa kwa sauti ya kanisani. Bonge la tope la Lupepo lilidondoka, zito kama kiazi. Lugano akawasha. Akaingiza gia.

Ikaendelea kunguruma.

Kelele zilizopigwa ziliamsha mbwa wa upande wa pili wa barabara.

"Nimetengeneza mwenyewe!" alisema Nsajigwa.

"Ametengeneza wakala, kwa simu!" alisema Mzee Obed. "Ndaga fijo, asante sana, Asifiwe!"

"Mkono ulioshika brashi ni wa nani?"

"Akili iliyoongoza brashi ni ya nani?"

"Brashi ni yangu," alisema Tusekile, "na saa tatu imepita na dakika ishirini na mbili."

Mzee Obed alipanda, akateleza kwenye nailoni mpaka akakumbatia mgongo wa bwana harusi, akachomeka bahasha moja ya kaki kotini bila kuifungua, wakatokomea kwenye ukungu.

Saa tatu na nusu Tusekile alinyanyua kopo la sukari na kukuta bahasha ya kaki. Akaifungua kidogo. *Kwako Mzee Anyelwisye, kwa heshima na taadhima.*

"Spana Kumi," aliita. "Kipengele amekwenda kuposa na waranti."

Nsajigwa aliruka. "Nawafuata!"

"Na nini?"

Akakumbuka turubai. Akakaa.

Walipiga simu mara kumi na moja. Haikupokelewa.

Saa nne na dakika thelathini na tano Mzee Obed akapiga mwenyewe, kwa kunong'ona. Tusekile akaweka sauti kubwa.

"Niko nyuma ya zizi. Mzee kaisoma yote."

"Waranti?" Nsajigwa aliuliza.

"Waranti! Kwa sauti, mbele ya ukoo, akidhani chombo ni Tulia. *Chombo kisipakizwe kupita uwezo wake. Kisifunguliwe na mtu asiyeidhinishwa. Kiletwe kukaguliwa kila miezi mitatu.* Nikataka kumkatiza. Akasema nyamaza, miaka sabini na moja sijawahi kuletewa barua ya posa yenye mpango namna hii."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambia kwa kipengele gani? Amekubali! Ila amebadilisha kimoja. Kitakacholetwa kukaguliwa kila miezi mitatu ni Lugano. Na mkaguzi ni yeye. Amemwona magoti yana tope, kasema ameshaanza kuona kasoro."

Nyuma ya sauti yake ikasikika ya msichana, karibu kabisa na simu, ikicheka.

"Huyo ni nani?" aliuliza Tusekile.

"Ni mimi Tulia, dada. Mwambie huyo fundi wa hapo, Lugano kanisimulia, asiwe na wasiwasi. Miezi mitatu ni mbali sana. Tope nitamtoa mwenyewe."

"Mwenyewe!" Nsajigwa alisimama juu ya benchi na spana yake hewani. "Mmesikia? Amesema *mwenyewe*!"

"Ukaguzi mkubwa unabaki kwa aliyeidhinishwa!" Mzee Obed alisahau kunong'ona, na huko Isongole sauti nzito ikauliza ni nani anayepiga kelele zizini.

Simu ilikatika saa nne na dakika arobaini na moja.