Baraza ya Daktari wa Meno

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Nimekwisha! Pindo anakuja. Jumamosi. Kwangu!

Ujumbe wake wa sauti umeingia nikiwa nakunywa chai, na chai imenipalia hadi machozi. Anakwenda kwa bintiye anayekaribia kujifungua, safari inampitisha hapa, atalala kwangu kisha aendelee. Anasema anachokitamani kuliko vyote ni kukaa kwenye kile kiti changu cha bluu, barazani, katikati ya yale maua yangu, tuwapigie wenzetu picha tukiwa wawili.

Kiti si changu. Baraza si yangu. Maua nayamwagilia tu. Vyote ni vya mwenye nyumba, daktari wa meno mstaafu anayekaa chini. Mimi niko juu, chumba kimoja na jiko la kujibanza, dirisha linatazamana na ukuta wa dobi. Kila Ijumaa daktari huenda kwa dada yake na kuniachia ufunguo nimwagilie maua. Nikishamwagilia, napiga picha. Sijaiba kitu cha mtu!

Lakini nani atanielewa? Sisi ni Meza ya Tatu. Ujanani tulishona sare kiwanda kimoja, meza moja, kila mtu na kipande chake, na msimamizi hakuwa na haja ya majina yetu: Kola, Kifungo, Mfuko, Pindo, na mimi Zipu. Kiwanda kikafungwa, waume na kazi vikatutawanya, sasa kila mmoja yuko nchi yake na magoti yake mabovu. Kilichobaki ni kundi la simu. Sheria yake ni hii: kila Ijumaa, picha ya nyumbani kwako, uliyopiga siku hiyo hiyo. Mfuko alituma theluji, kumbe ni picha ya kalenda, tarehe zinaonekana kwa chini. Tulimtoa. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote atolewe.

Kola naye hakukosa la kusema. Ameandika kwamba hatimaye tutaiona baraza yote, maana kila wiki ni kona ile ile. Kona ile ile! Yeye kila wiki ni friji yake ya milango miwili, na hatujamuuliza ina nini ndani.

Nimejibu: Karibu sana Pindo, nyumba ni yako.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Nimepata njia. Ugonjwa!

Asubuhi nimewaandikia kwamba nimeshikwa na kikohozi kibaya, cha kuambukiza, na itaniuma sana Pindo akimpelekea mjamzito maradhi. Nilijipongeza. Hapo hata shetani angenivulia kofia.

Kifungo, ambaye mumewe anauza dawa na kwa hiyo yeye ni profesa, ameuliza ni kikohozi kikavu au cha makohozi. Nikasema vyote viwili. Kola akataka kukisikia. Aliandika hivyo hivyo, turekodie tukisikie, kama mtu anayeagiza wimbo redioni. Sikuwa na budi. Nimekohoa mbele ya simu kwa bidii zote mpaka kikohozi cha kweli kikaja na kukataa kuondoka. Mama dobi akapiga kelele kutoka chini akiuliza kama kuna mtu ananinyonga.

Pindo amesikiliza. Akajibu kwamba ameumia moyo, kwamba tulilala kitanda kimoja bwenini wote tukiwa na matubwitubwi na hatukufa, kwamba hawezi kuniacha niugue peke yangu. Amebadilisha tiketi.

Anakuja Ijumaa!

Ole wangu. Nimetumia akili zangu zote na matokeo yake nimemharakisha kwa siku nzima.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nimepona. Nimewatangazia kwamba nimepona ghafla, ni maajabu. Pindo amesema alhamdulillahi, basi tutakuwa na nafasi nzuri ya kuongea. Tiketi haibadiliki tena.

Lakini baadaye, nikimenya viazi, nikashtuka na kucheka peke yangu. Ijumaa! Ijumaa daktari hayupo! Ufunguo ninao mimi! Yaani kikohozi kimeniokoa bila mimi kujua. Nikapanga kila kitu: ndara zangu mlangoni, miwani yangu juu ya meza ya barazani, kile kibao cha daktari chenye jina lake na meno mawili yaliyochorwa nikigeuze kiangalie ukuta. Pindo atakunywa chai kwenye kiti cha bluu, atapiga picha, jioni nitamwambia juu ndiko ninakolala kwa sababu ya hewa.

Nikashuka kumuuliza daktari, kwa sauti ya mtu asiye na haja, atatoka saa ngapi Ijumaa. Hatoki! Amegombana na dada yake juu ya karata. Eti dada alificha karata chini ya mkeka. Amesema hakanyagi kwake mpaka aombwe radhi, na mtu mwenyewe ni wa kufa na neno lake.

Nilirudi juu kwenye viazi vyangu. Halafu nikakumbuka: namba ya dada ninayo, daktari aliniachia kwa ajili ya dharura. Kama hii si dharura, basi sijui dharura ni nini. Nikampigia. Nikamwambia kaka yake anajuta, hali chakula, anakaa barazani akitazama njia tu, na pengine akisikia neno la kumwita atakwenda mbio.

Dada akalia. Mama yangu, mwanamke yule alilia! Akasema maskini kaka yake, hawezi kumwita mtu aliye katika hali ile. Atakuja yeye mwenyewe. Na keki.

Ijumaa.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Sikupata usingizi. Nilikuwa nawaza nikitolewa. Kola ndiye mwenye kundi, ni kubonyeza tu. Baada ya hapo simu yangu itakuwa ya nini? Watakaobaki kunikumbuka ni kampuni ya simu, wanaonitakia heri ya kuzaliwa tarehe isiyo yangu. Kila Ijumaa naamka na furaha tangu kabla ya kufumbua macho, kwa sababu kuna watu watatu mahali wanasubiri kuona nimeamkaje. Ndiyo, wanasubiri kuona maua ya mtu mwingine. Lakini wanaosubiri ni wenzangu. Naogopa. Naandika kama ilivyo, naogopa kama mtoto.

Asubuhi nikajikaza, nikaenda kwa daktari kumwambia ukweli. Nusu. Kwamba nina mgeni kesho, rafiki wa tangu ujana, na ningeomba baraza kidogo. Akasema bila shaka, jirani, tutakaa wote. Nikasema ndiyo, ila kama mgeni akiuliza, pengine yeye daktari angeweza kuwa mpangaji wangu. Kwa mchana mmoja tu!

Aliweka kikombe chini. Akasema nyumba hii aliijenga kwa meno ya watu, jino moja moja, na hawezi kuwa mpangaji ndani yake hata kwa utani. Nikasema basi awe kaka yangu. Akasema ana dada mmoja na huyo anamtosha. Nikamjibu, kwa kumliwaza, kwamba asijali, dada yake akija kesho na keki watapatana.

Akaniuliza nimejuaje kwamba dada yake anakuja, tena na keki.

Nimekimbia. Nimeacha ndara moja pale barazani na sithubutu kuifuata.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Mkono umechoka lakini lazima niandike.

Mpango wa mwisho ulikuwa nimkamate Pindo getini, nimpeleke mgahawa wa kona, nimwambie baraza imepigwa dawa ya mchwa. Nikakaa dirishani tangu asubuhi. Dirishani kwangu hakuonekani geti, huonekana ukuta wa dobi. Hilo nililikumbuka niliposikia sauti yake chini.

Nikashuka mbio na ndara moja. Barazani, kwenye viti vya bluu, daktari na dada yake wameshikana mikono, wanalia na kula keki. Pindo amesimama mbele yao na sanduku lake. Mfupi zaidi kuliko nilivyomkumbuka, mvi kichwa kizima, macho yale yale. Kiti hakukitazama hata mara moja! Amewapa wenyewe shikamoo, akawaomba radhi kwa kuwakatiza, akauliza Zipu anakaa juu, sivyo? Akaanza kupanda ngazi.

Nikamfuata nyuma nikiongea. Nilisema hao ni wapangaji. Nilisema baraza ina mchwa. Nilisema juu ni stoo. Yeye anapanda tu, anahema, ananiambia nimpokee sanduku badala ya kumpigia hadithi.

Akaingia. Akavua viatu, akakaa kitandani kwangu, akavuta pazia langu, akapitisha kidole gumba kwenye pindo lake mpaka mwisho. Akasema haya, hapa ndipo kwako.

Nikaanza tena habari za mchwa. Akacheka mpaka akajilaza chali.

Walijua! Tangu picha ya kwanza! Ile mito ya viti vya barazani, dada wa daktari ndiye aliyeishona, na imeshonwa kwa hatua ndefu kama za mtu anayeruka madimbwi, kona hazikukunjwa, uzi mweupe kwenye kitambaa cha kahawia. Mimi nayamwagilia maua mwaka mzima sijaitazama mito. Wao, kila mmoja nchini kwake, walichoona ni mito tu. Pindo amesema Kola alipiga kelele siku ile ile: Zipu aishi na mshono ule? Angeufumua kabla hajavua koti!

Nikauliza kwa nini hawakunitoa. Akasema walikuwa wananisubiri niseme mwenyewe. Walidhani nina shida, naumwa, nimepoteza nyumba, naona haya. Kila wiki walikuwa wakijadiliana nani aje kunitazama. Ndiyo maana yuko hapa. Kwa binti yake kuna njia fupi zaidi.

Nikauliza walikuwa wakijadiliana wapi, maana kundini sikuona kitu.

Akaanza kutazama ukuta wa dobi kwa makini sana.

Wana kundi la pili! Bila mimi! Na Mfuko yumo!! Mfuko wa kalenda!

Nililia. Mwanzo kwa hasira, nakiri, hasa kwa ajili ya Mfuko. Halafu hasira ikaisha na machozi yakaendelea yenyewe. Pindo alinikumbatia, ananukia sabuni ile ile ya bwenini, akaniambia mjinga wewe, tulikuja kwa maua sisi? Tulikuja kwako. Anataka jambo moja tu: Ijumaa ijayo niwatumie dirisha langu. Hili hili, na ukuta wake. Nimeapa. Nimeshika mkono wake nikaapa, na nilikuwa nasema kweli.

Tumekula mayai na mkate, na kipande cha keki ambacho daktari ameleta mwenyewe mpaka mlangoni, pamoja na ndara yangu. Alikuwa anacheka kwa macho.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Pindo ameondoka. Getini ameniambia tena: dirisha lako. Nikasema dirisha langu. Mtu asiye na la kuficha ni mwepesi, nasikia kama nimevuliwa koti la baridi.

Kola ameniingiza kwenye kundi la pili. Nimesoma yote. Picha zangu zote zimo, na mito imezungushiwa duara jekundu. Mfuko amenikaribisha kwa kuniambia humu sheria hakuna, jisikie nyumbani. Nimemjibu ahsante. Imeniuma lakini nimemjibu.

Ijumaa, tarehe 17 Mei

Siku ya picha. Nimeamka na furaha yangu, nikasimama mbele ya dirisha na simu.

Ukuta ule! Leo dobi hajaanika hata shuka moja, kuna ukuta mtupu na doa la maji. Nikajaribu kulia, nikajaribu kushoto. Doa. Na Kola keshatuma friji, tena milango yote miwili iko wazi, ndani kumejaa.

Nikawaza. Ahadi ilikuwa dirisha. Pindo alisema dirisha na ukuta wa dobi. Sasa mama dobi naye ana dirisha, na dirisha hilo liko upande wa pili wa ukuta huo huo wa dobi, linaangalia barabarani, kuna mti umechanua zambarau mpaka juu. Ukilitazama vizuri jambo hili, ni kama nimetimiza ahadi mara mbili. Nikashuka, nikamwambia mama dobi nataka kuona nguo zangu zimefika wapi. Akageuka kutafuta, nikapiga.

Na safari hii si mjinga! Nimekagua pazia lake kwanza. Pindo limenyooka, uzi ni wa rangi ile ile, kona zimekunjwa mara mbili. Hapo hata Kola mwenyewe hana pa kushika. Nikatuma, nikaandika: Dirisha langu, kama nilivyoahidi.

Mpaka sasa hawajajibu. Nimefungua kundi la pili, nalo kimya, tangu asubuhi hakuna hata salamu. Ajabu, maana wote wanne wako mtandaoni, nawaona. Sijui wanaandikia wapi.