Ombi la Kilele Kimoja Kisicho na Jina

Mselem Bakiri, Fundi Nguo
Jules Street, Malvern
Johannesburg
9 Oktoba 2017

Kwa Katibu,
Kamati ya Majina ya Milima ya Ncha ya Kusini

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mahali penye joto. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga. Niliingia mji huu mwaka 2003 na mkasi mmoja, na leo nina duka lenye vyerehani vinne na kibao chenye jina langu. Naandika kwa sababu katika Safu ya Ovrebekk, ambayo majina yake yako mikononi mwenu, kuna dhuluma, na nimeihesabu.

Utajiuliza fundi wa Malvern ameijulia wapi safu hiyo. Bwana Damien, anayetengeneza matrekta ya msafara wa watafiti, hutuletea majaketi ya msafara kila Oktoba, kabla meli haijaondoka Cape Town. Mara ya kwanza, mwaka 2014, aliyaleta yamefungwa kwenye ramani kuukuu ya milima hiyo. Karatasi yake ni ngumu, haichaniki hata ikilowa, kwa hiyo mke wangu Mwatumu aliikata vipande akaifanya karatasi ya kukatia kofia za majaketi. Inaning'inia msumarini mbele ya meza yangu. Mtu akitazama milima miaka mitatu huku anabadilisha zipu, lazima ataanza kuuliza maswali.

Jambo lenyewe lina haraka, na haraka hiyo inaitwa Firmin. Huyu ni mshonaji kutoka Lubumbashi, duka lake liko ng'ambo ya barabara, karibu na roboti, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani. Amemwahidi Mwatumu cherehani kipya cha umeme, kiti cha dirishani na jina lake kwenye kioo, kuanzia tarehe mosi Novemba. Mwatumu alinieleza habari hizi tukinywa chai, kwa sauti ya mtu anayeomba sukari, kisha akasema bado anafikiria. Nimeelewa kwamba anataka duka lenye heshima zaidi. Nikimwonyesha mlima wenye jina letu, Firmin na kioo chake watakuwa wamekwisha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ramani ina majina 58. Majina 24 yametokana na umbo: Jino, Tandiko, Kisu na kadhalika, hayo sina ugomvi nayo. Mawili ni ya mbwa. Moja ni la mtengeneza biskuti. Yanabaki 31 ya watu, na Bwana Damien amenithibitishia kwamba kati yao 19 hawakuwahi kukanyaga huko. Walikuwa maprofesa na wakubwa waliokaa kwao karibu na moto. Mafundi nguo: sifuri. Mimi nina kanuni moja tu ya maisha, nayo ni kwamba jina likae penye kazi, na liwe la aliyeifanya.

2. Kazi ipo. Tangu mwaka 2014 yametoka dukani kwangu majaketi 22, kisha 24, kisha 26. Jumla ni 72, na safu yenu iko nyuzi 72 kusini. Sisemi ni ishara, nasema hesabu imekaa. Kila jaketi liliwekwa kofia mpya, maana zile za kiwandani zilikuwa zinang'oka. Mwaka jana Bwana Damien alinaswa na dhoruba kwa muda wa saa tisa nje ya trekta. Alirudi na masikio yote mawili. Alikuja dukani kunionyesha, akageuza kichwa kulia na kushoto mbele ya wateja. Naomba kamati iulize yule mtengeneza biskuti aliokoa masikio mangapi.

3. Mtasema sijafika huko. Kutoka hapa hadi huko ni tofauti ya nyuzi 46, kila moja kilomita 111, yaani kilomita 5,106, na mimi nina duka la kufungua kila asubuhi. Lakini mishono imefika. Kofia moja ina mishono 496. Mara 72, ni mishono 35,712 iliyokwenda na kurudi bila hata mmoja kufumuka. Wale 19 hawakupeleka hata kifungo.

4. Kwetu ukimpa mtoto jina la mtu, huyo mtu ni somo wake. Ana wajibu: nguo ya Idi, na kumwangalia akiugua. Je, hao wenye milima wamewahi kuipelekea milima hiyo chochote? Nimemuuliza Bwana Damien, akasema hajaona. Mimi nitatimiza. Mlima wangu ukipewa jina utashonewa. Sehemu kubwa imefunikwa na barafu. Kinachochomoza kwa makadirio ni mita 140, kwa hiyo hauhitaji jaketi zima, kofia inatosha. Kitambaa natoa mimi. Nauli ya meli ibebwe na kamati.

5. Mbwa wawili. Nimeshalitaja, lakini nalirudia kwa sababu linaniamsha.

Sasa ombi. Sitaki mlima wa mtu. Kati ya Jino na Tandiko, sentimita nne kutoka Jino, kuna pembetatu nyeusi peke yake, haina jina wala urefu. Jino ni mita 2,240 na Tandiko 2,380. Nimegawanya katikati, chetu ni mita 2,310. Upande wa pili wa karatasi kuna vilele pacha, pembetatu mbili zilizogusana, navyo havina jina. Hivyo nawaachia. Mkitaka kumpa Firmin kimoja, mimi si mtu wa kinyongo, ila kiwe kile kifupi.

Liandikwe Kilele cha Mselem. Naomba jibu kabla ya Novemba mosi.

Nisalimie wanakamati wote, mchora ramani, na jamaa za wale mbwa kama wapo. Nikiwa bado mezani, na mkasi wangu ukiwa wazi,

Mselem Bakiri

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Mwatumu ili ahakiki hesabu. Alisikiliza mpaka kwenye ombi, akaniomba nimwonyeshe kilele kwa kidole. Nikamwonyesha. Akaniambia, Baba Sumaiya, hiyo ni alama yangu. Aliichora kwa kalamu nyeusi mwaka 2014. Pembetatu moja ndiyo mbele ya kofia, pembetatu mbili ndiyo nyuma, ili zikutanishwe na zile za kwenye kola na mtu asitoke amevaa kofia kinyume. Akasema fundi yeyote aliyewahi kushona hata moja ya kofia zile angeijua.

Nimefanya hesabu upya. Zipu ni zangu, zote 72. Kofia nilizoshona mimi ni sifuri. Masikio ya Bwana Damien nayo hayana uhusiano na zipu.

Kisha akauliza kama ile kanuni ya kwenye namba moja ni ya milima peke yake, au inafika hadi Malvern. Nilitoka nje nikakisoma kibao chetu: jina langu peke yake. Firmin amekwishapata habari. Tangu jana ananiita papa mlima, yaani baba mlima kwa lugha ya kwao, kutoka ng'ambo ya barabara, wateja wake wanamsaidia kucheka.

Kwa hiyo ombi nalifuta. Mchora vibao anakuja Jumamosi. Nimempa karatasi yenye jina moja, MWATUMU, na chini yake kwa herufi ndogo, zipu: Mselem. Mwatumu aliisoma, akauliza kama rangi itakuwa nyekundu, nikasema itakuwa. Amemtumia Firmin ujumbe kwamba kile kiti cha dirishani akikalie mwenyewe.

Ikiwa mmeshamtuma mtu kwenda kukitafuta kilele kati ya Jino na Tandiko, tafadhali mwiteni arudi. Na kama amevaa jaketi letu na upepo umeanza, mwambieni aivute kofia bila wasiwasi. Ni mkono wa Mwatumu.